Babu Yangu Yumo Kwenye Kaseti Nisiyoweza Kuisikiliza

Babu yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, na mpaka anastaafu aliishi Makongeni. Miaka ya 1980 mtafiti mmoja kutoka ng'ambo alimjia na kinasa sauti cha kaseti, akaketi naye siku tatu mfululizo. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka vile vitufe viwili vilivyobonyezwa kwa pamoja, chekundu na cheusi, na jinsi babu alivyonyamaza kila kaseti ilipogeuzwa upande wa pili, mdomo wazi, akingoja aruhusiwe kuendelea. Alikuwa akisimulia mgomo wa wafanyakazi wa Nairobi wa Mei 1950. Sisi wa nyumbani alitupa vipande tu, jioni jioni, tena akiwa amechoka. Mgeni ndiye aliyepewa habari nzima.

Alifariki mwaka 1994. Nilipokuwa mtu mzima nilikiandikia chuo kikuu kilichozichukua kaseti zile. Nikajibiwa kwa adabu kwamba zipo, ziko salama, na kwamba nakala haiwezi kutolewa bila idhini ya maandishi ya mtu aliyehojiwa.

Aliyehojiwa ana zaidi ya miaka thelathini kaburini.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu siku hizi mwito wa kuwarekodi wazee wa Nairobi unasikika kila kona, na naufurahia kwa moyo wote. Vijana wana simu, wazee bado wapo, ari ipo. Lakini nikisikiliza mipango yenyewe, karibu yote huishia kwenye kitufe chekundu. Nani atasikiliza, atasikilizia wapi, kwa ruhusa ya nani, na miaka hamsini ijayo sauti ile itakuwa kwenye chombo gani: hayo huachwa yajipange yenyewe. Hayajipangi. Mimi nasema mazungumzo yaliyorekodiwa Shauri Moyo ambayo mtu wa Shauri Moyo hawezi kuyasikia hayajahifadhiwa. Yamehamishwa tu.

Tuchukue mwaka huohuo wa 1950. Tarehe 30 Machi, Nairobi ilikabidhiwa hati ya kifalme iliyoifanya jiji, na aliyeileta ni Duke wa Gloucester. Sherehe hiyo ina karatasi zake na picha zake. Tarehe 23 Aprili, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama kwenye mkutano wa pamoja wa KAU (Kenya African Union, chama cha siasa cha Waafrika) na chama cha kisiasa cha Wahindi wa Afrika Mashariki, akapendekeza azimio la kudai uhuru kamili. Tarehe 15 Mei yeye na kiongozi mwenzake Fred Kubai wakakamatwa, na wafanyakazi wa jiji wakaweka zana chini. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka 1961. Haya yote yameandikwa, na mwenye muda atayapata.

Ila watu wanaogoma zaidi ya wiki nzima hula nini? Babu alituambia kwamba unga ndio uliowatisha kuliko askari. Wanawake wa Makongeni walichanga unga nyumba kwa nyumba, kikombe kikombe, na kikombe cha kupimia kilikuwa kimoja kwa mstari mzima wa nyumba ili pasitokee ugomvi. Mwenye kikombe alikuwa nani? Alichaguliwa vipi? Babu aliwahi kulitaja jina lake mbele yetu na hakuna aliyelishika. Kama alilitaja mbele ya kile kinasa sauti, limo ng'ambo.

Au turudi nyuma zaidi, tarehe 16 Machi 1922, nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa Harry Thuku, mwanasiasa aliyepinga ukoloni, karibu na kilipo Chuo Kikuu cha Nairobi leo. Viongozi walikuwa wamewatuliza watu na wanaume wameanza kuondoka. Mary Muthoni Nyanjiru akainua nguo yake mpaka mabegani, akawaambia wanaume wachukue rinda lake wampe yeye suruali. Umati ukarudi, ukasonga mbele, risasi zikalia, naye akawa miongoni mwa walioanguka mwanzo. Serikali ya kikoloni ilitaja waliouawa kuwa 21, na hesabu ya Waafrika ikazidi maradufu. Kitendo cha Nyanjiru tunakijua kwa sababu waliokuwepo walikisimulia, na akatokea mtu wa kuwauliza wangali hai. Kama asingetokea, tungebaki na umati usio na sura na idadi tusiyoiamini.

Kuna wanaosema simulizi ni za kujazia tu, penye karatasi mtu afuate karatasi. Lakini karatasi nazo zina miguu. Mwaka 2011 ilibainika katika kesi ya wazee wa Mau Mau huko London kwamba mafaili takriban 1,500 yaliondolewa Kenya uhuru ulipokaribia, yakaishia kufichwa Hanslope Park, kule Uingereza. Mengine yalichomwa moto. Yale yaliyofichwa yalitoka hadharani kwa sababu wazee wachache walisimama na kueleza yaliyowapata kambini, na wanahistoria waliowahi kuwasikiliza watu kama wao wakasimama nao. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa watu 5,228, na jumla ya malipo, gharama za kesi zikiwamo, ni pauni milioni 19.9. Hapo masimulizi yalitangulia, mafaili yakafuata.

Sasa niende Shauri Moyo, maana huko ndiko nilikojifunza haya kwa mikono yangu.

Mwaka jana nilianza kumrekodi mama mmoja ambaye tangu utotoni nimemwita Nyanya, ingawa hatuna undugu wa damu. Mtaa wake ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kuwapokea watu waliobomolewa makao yao Pangani. Wazee hulieleza jina hilo kwamba watu waliambiwa wahamie, na asiyetaka, hiyo ni shauri ya moyo wake. Nilifika na simu, nikaiweka mezani katikati yetu, nikawa naikodolea macho kuhakikisha inafanya kazi. Baada ya dakika mbili alinyamaza. "Hiyo simu isukume kando ya sukari," akasema, "halafu uniangalie mimi."

Nyuma ya sauti yake, katika rekodi nzima, kuna nyundo. Ni mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanaopiga mabati kuunda majiko na masanduku. Siku ya kwanza nilikasirika, nikafikiria kumpeleka mahali penye utulivu. Nashukuru sikufanya hivyo. Nyanya ameishi na nyundo hizo miaka mingi. Hupandisha sauti zikipanda, akasubiri kidogo, akashuka tena, na ukimtoa pale unamwondolea mwendo wake wa kusema. Atakayeisikiliza rekodi hii mwaka 2070 atajua Kamukunji ilikuwa na sauti gani.

Nilimwuliza kuhusu tarehe 24 Aprili 1954, siku ilipoanza Operesheni Anvil, wanajeshi na polisi walipolizingira jiji na kuwazoa maelfu kwa maelfu ya Wagikuyu, Waembu na Wameru, wakachujwa Lang'ata na wengine wakapelekwa Manyani na Mackinnon Road. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja hivi. Hakunijibu kwa maneno mwanzoni. Alikunja ngumi akagonga meza mara tatu, kwa nguvu, vijiko vikaruka. "Malori yakifunguliwa nyuma," akasema. "Hivyo ndivyo tulivyoamka." Kwenye karatasi ningeandika kwamba malori yalikuja alfajiri, na sentensi hiyo ingekuwa sahihi. Katika rekodi, mjukuu wake wa miaka minne aliyekuwa chumbani analia kwa kushtuka, na Nyanya anambembeleza kwa Kigikuyu kabla ya kuendelea.

Kisha akasema kitu ambacho mwenye haraka angekifuta. Alisema mgomo na malori ni mwaka mmoja. Mimi nilijua ni miaka minne kati yake, na nilikuwa na tarehe zangu mfukoni. Nikazirudisha mfukoni. Nikauliza kwa njia nyingine: Nyanya, wakati wa mgomo baba alikuwa wapi? Hayupo, amelala ukumbini na wenzake, usiku baada ya usiku. Na malori yalipoondoka? Hayupo, amepanda la tatu. Kwa mtoto yule, mambo mawili yalikuwa jambo moja, nalo ni nyumba isiyo na baba ndani.

Italia wanao mfano maarufu wa namna hiyo. Katika mji wa Terni, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma aitwaye Luigi Trastulli aliuawa na polisi mwaka 1949 katika maandamano ya kupinga NATO. Miaka mingi baadaye, wafanyakazi wenzake walipohojiwa, wengi walikihamishia kifo hicho mwaka 1953, wakati wa vurugu za watu kufutwa kazi kiwandani. Mwanahistoria aliyewahoji hakuwacheka wala hakuwasahihisha. Alijiuliza kwa nini mji mzima ulihitaji kifo hicho kiwe pale, akaona kwamba walikuwa wakikitafutia kifo cha mwenzao uzito uliolingana na uchungu wao. Tarehe inaweza kurekebishwa kwenye maelezo ya pembeni. Kosa lenyewe liachwe lisikike, maana lina habari yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa habari za mumiani na wazimamoto. Wazee wengi wa Afrika Mashariki, wa Nairobi wakiwamo, walisimulia kwamba wazimamoto walikamata watu usiku na kuwatoa damu. Kijana anayerekodi akisikia hayo hutabasamu, na mzee akiliona tabasamu hufunga mdomo. Mtu aliyeishi katika jiji ambalo gari la serikali lingeweza kumchukua usiku bila maelezo alikuwa na sababu ya kuliogopa gari hilo, na hofu yake ilijitafutia maneno. Aulizwe: gari lilikuwa rangi gani, lilipita njia gani, nani aliwaonya? Hapo utapata ramani ya mtaa wenyewe na mipaka ya usiku wake.

Suala la nani aulize ni zito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2003, katika stesheni ya Grand Central jijini New York, kulianzishwa mradi wa StoryCorps: kibanda kidogo ambamo watu wawili wanaojuana huzungumza kwa dakika arobaini, na nakala ikahifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Wazo hilo la watu wanaojuana nalipenda. Kwetu, hata hivyo, lina mlango wake. Siwezi kumwuliza mama yangu jinsi alivyoishi kabla ya kuolewa, na sidhani angenijibu. Mtoto wangu anaweza. Mjukuu ni mtani wa bibi na babu. Humwita bibi mke wake, humwambia amezeeka, humwomba habari za wachumba wa zamani, na bibi hucheka na kujibu. Utani huo ni ruhusa ambayo mtafiti hawezi kuinunua kwa kilo mbili za sukari. Ningekuwa na shule moja ya Eastlands ya kujaribu jambo hili, ningewapa wanafunzi kazi ya likizo: saa moja na bibi au babu, si baba, si mama, na maswali yawe ya vitu vinavyoshikika. Mlichota maji wapi? Kodi mlimlipa nani, mkononi au dirishani? Matatu ya kwanza uliyopanda ulilipa nini? (Jina lenyewe, wazee husema, lilitokana na senti kumi tatu.) Ukimwuliza mzee kuhusu ukoloni atakupa hotuba. Ukimwuliza kuhusu bomba la maji atakupa ukoloni.

Lugha ya majibu iachwe ilivyo. Nimeona vijana wazuri kabisa wakimsafishia mzee Kiswahili chake wanapoyaandika maneno yake, wakaondoa Kigikuyu, Kijaluo na Sheng, mpaka mtu wa Majengo anasikika kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

Sasa nifike kwenye linaloniumiza kichwa. Katika msako wa 1954, watu walipitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Huyo aliitwa gakunia. Akitikisa kichwa, umekwenda. Nyanya anajua, au anaamini anajua, nani alikuwa ndani ya gunia siku baba yake alipopita. Alinitajia jina simu ikirekodi. Watoto wa mtu huyo bado wanaishi jijini, wamezaa, hawana hatia yoyote. Je, nifute? Nilikataa kufuta, kwa sababu jina hilo ni sehemu ya maisha yake na amelibeba miaka sabini. Niweke hadharani? Nilikataa vilevile, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa mtuhumiwa nafasi ya kujibu, na kichwa kilichotikiswa ndani ya gunia si ushahidi wa uso.

Wanaofanya kazi hii kwa muda mrefu wana njia: kipande hicho hufungwa kwa miaka inayokubaliwa na msimulizi, na sehemu iliyobaki huachwa wazi. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayotaka mtu aelezwe taarifa zake zitatumika vipi na inayomruhusu kuondoa ridhaa yake. Wengi huichukua kama karatasi ya kutia sahihi kabla ya kuanza. Naiona kwa namna nyingine. Idhini iombwe baada ya mazungumzo, mzee akishasikia alichosema, kwa sababu kabla ya hapo hajui anaidhinisha nini. Na ndani ya idhini hiyo pawe na swali ambalo kwa babu yangu halikuulizwa kamwe: ukishaondoka, nani azungumze kwa niaba yako?

Kuhusu mitambo nitasema kwa ufupi. Saa moja ya sauti isiyobanwa, kwa kiwango cha CD, huchukua takriban megabaiti 600, na watu huikimbia, wakaituma kwa WhatsApp ambako hubanwa, kisha simu ikaibwa Muthurwa na mambo yakaishia hapo. Nakala ziwe tatu, moja iwe mbali na zingine, na kila moja iwe na jina, tarehe, mahali na mada, maana diski yenye faili mia zinazoitwa "Rekodi mpya" ni sawa na diski tupu. Kuyaandika mazungumzo ya saa moja huchukua mtu mzoefu saa tano au sita. Mradi usiotenga pesa za kazi hiyo umejitengea stoo.

Na mahali? Nairobi tunayo Makavazi ya Kitaifa, yaliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1965, katika jengo la zamani la benki pale Moi Avenue. Maelfu hupatana nje yake kila siku, "tupatane Archives", na wengi wao hawajawahi kupita mlangoni. Nakala ya kila rekodi iende pale, sina ubishi. Lakini ya kwanza, ile ya kusikilizwa, iwekwe mtaani. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake. Leo ni ya umma, ina matawi Kaloleni na Makadara, na matawi hayo yamekarabatiwa na shirika la Book Bunk kwa ushirikiano na kaunti. Tawi la Kaloleni liko ndani ya mtaa uleule ambao ukumbi wake ulisikia azimio la 1950. Kinachohitajika ni kompyuta moja, vipokea sauti vya masikioni vichache, mfanyakazi mmoja wa kudumu anayelipwa na kaunti, na orodha ya mitaa: Pumwani, Shauri Moyo, Makongeni, Ziwani, Bahati, Kibra. Kaunti huweka bajeti ya mabango na sherehe kila mwaka. Mshahara wa mtu mmoja haupaswi kutushinda. Tena muda ni mchache: aliyekuwa na miaka kumi Anvil ilipoanza amevuka themanini.

Mwezi uliopita nilirudi kwa Nyanya na fomu niliyoiandika mwenyewe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Nilimchezea rekodi yote, saa mbili na dakika kumi, akasikiliza akiwa amefumba macho, nyundo za simuni na nyundo za nje zikipishana. Penye jina la yule mtu wa gunia akafungua macho akasema, "Hapo funga mpaka 2060." Nikaandika. Kisha nikamsomea swali la mwisho, kwamba akishaondoka nani atoe ruhusa. Akataja mjukuu wake wa kwanza, akataja yule wa miaka minne aliyelia, akataja maktaba ya Kaloleni. Nikamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Akaishika kalamu bila kuandika, akaniuliza kama kuna nafasi ya jina la nne.